Vidole Viwili vya Udongo

Baba yangu ana mikarafuu Pemba, upande wa Wete, na kazi ya maisha yake yote imekuwa kuhakikisha kwamba matumba hayachanui. Msishangae. Karafuu mnayoitia kwenye pilau ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likianza kuacha ukijani na kuingia wekundu, huchumwa, huchambuliwa makonyo, huanikwa juani kwenye majamvi. Likichelewa mtini likachanua, limekwisha, halina tena bei. Nimekua nikiwaona wakubwa wakikimbizana na matumba kama mtu anayekimbizana na mvua huku nguo zake ziko kambani. Sisi watoto tuliokota zilizodondoka, na jioni tukikaa barazani kuchambua mpaka vidole vikanuka karafuu hata baada ya kula.

Kwa hiyo nilipofika hapa Bloomington mwaka 2019, nikakuta watu wazima wanazunguka tumba moja asubuhi na jioni wakiomba lichanue, nilidhani ni mchezo wa watu wasio na kazi. Leo mimi mwenyewe ni mmoja wao, na mhariri wetu ameniambia niandike nilifikaje huku. Wenzangu wa chama mmenisikia nikilalamika juu ya maua haya kwa miaka mitatu. Haya, sasa soma, kisha tusirudie.

Ua lenyewe ni peoni. Katika darasa la mwaka wa pili ninalosaidia kufundisha tulibishana karibu nusu saa tuliiteje kwa Kiswahili, tukakubaliana kwamba mmea ni mpeoni, wingi mipeoni, kama mkarafuu na mikarafuu, na ua lake ni peoni. Mwalimu wetu hakusema neno, nami nimechukua kunyamaza kwake kuwa ni ridhaa. Hili ndilo ua rasmi la jimbo la Indiana tangu mwaka 1957, liliponyang'anya nafasi hiyo kutoka kwa ua la zinia. Ukipita mitaa ya zamani ya mji huu katikati ya mwezi Mei utaliona karibu kila ua wa nyumba, jeupe, la waridi, jekundu iliyokolea, kubwa kama sahani ya chai, limeinama kwa uzito wake. Lakini nasaba ya mipeoni mingi ya bustanini ni China na Siberia. Ilipita Ulaya, Wafaransa wakaizalisha aina chungu nzima katika karne ya 19, ndipo ikavuka bahari. Ua la jimbo ni mhamiaji kama sisi, ila karatasi zake zimeshakamilika.

Mwaka wangu wa pili nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa miaka 84 aliyekuwa akiishi peke yake. Kodi ilikuwa nafuu kwa sharti kwamba nitamsaidia bustani na kuondoa theluji mlangoni. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, kama ilivyo desturi yao. Ulimi wangu ulikataa. Mtu wa umri wa bibi yangu nitamwitaje kwa jina kavu? Nikamwomba ruhusa nimwite Bi Mkubwa, nikamweleza maana yake. Alifurahi, akajaribu kulitamka, likatoka "Bi Makubwa", nami sikumsahihisha, kwani ya nyumba ile yalikuwa makubwa kweli.

Desemba ya mwaka ule, 2020, bibi yangu alifariki Pemba. Mambo ya viza na korona yakanizuia kwenda. Nilipata habari kwa simu saa nane za usiku, na Bi Mkubwa, ambaye sikumwambia kitu, alinikuta jikoni asubuhi, akavuta kiti akakaa. Hakuuliza. Akakaa tu, muda mrefu, mpaka chai yake ikapoa. Nalitaja hili kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini baadaye nilijitesa vile kwa ajili ya mizizi.

Mbele ya nyumba yake, upande wa kusini ambako jua halikatiki, kulikuwa na safu ya mashina tisa ya mipeoni. Mama yake ndiye aliyeipanda, akiwa ameichukua kutoka shamba la wazazi wake. Mpeoni uliotunzwa huishi miaka 50, na wapo wanaopita 100, kwa hiyo si ajabu hapa mtu kurithi ua kama sisi tunavyorithi mti. Mwezi wa Machi vikatokeza vichipukizi vyekundu ardhini, kama vidole vya mtoto anayechungulia shimoni. Mwezi wa Aprili majani. Mwanzo wa Mei matumba, magumu kama gololi, na kila tumba limejaa chungu.

Hapo nikataka kuonyesha kazi. Nikachanganya maji na sabuni nikaenda kuwaosha chungu. Bi Mkubwa alinizuia kwa fimbo yake. Alilelewa akiamini kwamba chungu ndio wanaolifungua tumba, wasipokuwapo halichanui. Nimesoma tangu hapo kwamba si hivyo, tumba hutoa utomvu mtamu kwa nje na chungu wanafuata sukari yao. Ua litafunguka nao au bila wao. Lakini kuhusu kuwaacha alikuwa na haki. Hawaumi mmea, hawali jani. Ukitaka kuingiza maua ndani, yatikise nje kwanza, basi.

Halafu nikamwona akifanya jambo lililonifanya nikae chini. Alikuwa akibinya matumba kimoja kimoja kwa vidole viwili. Yale magumu aliyaacha. Yale yaliyoanza kuonyesha rangi na kubonyea kama andazi bichi lililoumuka aliyakata na kikonyo chake, akayafunga kwenye gazeti, akayalaza kwenye friji bila maji. Yatakaa humo wiki mbili, tatu, hata zaidi, aliniambia, na ukiyatoa ukayakata ncha na kuyatia kwenye maji ya uvuguvugu, yatafunguka baada ya siku moja au mbili. Sababu yake ni tarehe. Jumatatu ya mwisho ya Mei hapa ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ambayo zamani ilikuwa Mei 30, na watu waliiita siku ya kupamba makaburi. Familia nyingi hupeleka maua kwa wafu wao wote siku hiyo, wa vitani na wa nyumbani. Majira yakiwa ya joto peoni huisha kabla ya siku kufika. Mama yake alikuwa akichuma matumba mapema kila mwaka ili kaburi la mumewe lisikose.

Nilimpigia baba jioni ile ile. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nao wanachuma tumba!" Tangu siku ile akawa haniulizi habari za masomo kabla ya kuniuliza habari za maua ya mzee wako.

Tulikwenda makaburini pamoja. Aliweka peoni nyeupe kwenye kaburi la mama yake, nyeupe zenye matone mekundu machache katikati kama mtu aliyejikata akikuna nazi. Nadhani ni ile aina iitwayo Festiva Maxima, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1851, inafanana nayo kila kitu. Yeye aliziita za mama tu. Nikasimama pembeni, nikamsomea bibi yangu Fatiha kimoyomoyo, kwenye kaburi la mtu mwingine, kwa sababu lake sijaliona mpaka leo.

Mwaka huo huo, 2021, ilikatwa shauri nyumba iuzwe. Ngazi zilikuwa zimemshinda, na binti yake alikuwa na nyumba isiyo na ghorofa upande wa mashariki wa mji. Aliyenunua alitaka kiwanja, si nyumba. Bi Mkubwa hakulilia sofa wala kabati. Alinishika mkono akaniambia, chimba za mama. Nikamwambia nitachimba. Kwetu hilo lina jina, nalo ni amana, na mtu haombwi mara mbili.

Mipeoni haihamishwi wakati wowote. Wakati wake ni Septemba na Oktoba, majani yanapoanza kuchakaa na mizizi imeshajaza akiba yake. Ukichimba masika, ua la mwaka huo umelipoteza, na pengine na la mwaka unaofuata. Kwa bahati mauzo yalikamilika Oktoba. Nilikata mabua, nikachimba kwa mbali kuzunguka shina, nikainua kwa jembe la uma. Mwenye kuujua mhogo atanielewa nikisema mizizi yake ni mihogo myembamba, minene na mikavu, na huvunjika kwa namna ile ile ukiivuta kwa pupa. Nilivunja michache. Niliiosha kwa mpira wa maji mpaka nikaona macho, yaani vile vichipukizi vyekundu vya mwaka ujao vilivyokwisha kujipanga kwenye shingo ya shina. Hayo ndiyo mali. Ukigawa, kila kipande kiwe na macho matatu hadi matano na mizizi ya kukilisha. Kipande chenye jicho moja kitaishi, ila utakingoja mpaka uchoke.

Mashina tisa hayakuwa na nafasi nyumba mpya. Tulichagua matatu, moja likiwa lile la maua meupe, nikayagawa vipande sita. Mvua ilikuwa ikinyesha na giza linaingia. Niliandika vibandiko kwa kalamu ya wino, nikavifunga kwenye ndoo. Mnaona mwenyewe jambo linaelekea wapi.

Kwa binti yake tulipewa ukanda wa ardhi kando ya ukuta, jua saa sita na zaidi kwa siku. Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu juu ya mawe ya chokaa, yale mawe yaliyojenga sehemu kubwa ya mji huu na kuvishwa Empire State Building kule New York. Ukishika maji hauyaachi, na mpeoni haupendi kulowa miguu, unaoza. Nikachanganya mboji, nikainua tuta kidogo. Mpaka hapo nilifanya sawa. Kisha nikamuuliza Bi Mkubwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti barazani na blanketi magotini, macho yafukiwe kina gani. Akanyanyua vidole viwili.

Nikapima vidole viwili. Nikafukia. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaonja majira matatu, nalijua baridi la Januari ambalo joto hushuka chini ya sifuri na kukaa huko, niliuonea huruma mmea. Nikaukusanyia majani makavu ya mipo ya jirani, nikauvisha matandazo mazito kama godoro. Nililala usiku ule nikijiona mtu mwema.

Mei 2022 yalitoka majani. Hakuna tumba hata moja. Wote wakaniambia ni kawaida, mpeoni uliohamishwa hununa mwaka mmoja. Bi Mkubwa alinunua maua dukani akapeleka kwa mama yake. Hakusema kitu, lakini niliona alivyoyashika, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake.

Mei 2023 yalitoka majani mengi zaidi, ya kijani kizito, mazuri kabisa, na hakuna tumba. Safari hii hakuna aliyesema ni kawaida. Nilitia mbolea, na nilipoona haitoshi nikatia tena, nisijue kwamba naitrojeni ikizidi hunenepesha majani na kulisahaulisha ua. Tulinunua tena maua ya dukani. Alikuwa na miaka 87, mkono umeanza kutetemeka, na alisema jambo moja tu ndani ya gari, kwamba labda mwaka ujao. Mimi nilikuwa nahesabu ni "mwaka ujao" ngapi tunazo.

Kila wilaya ya jimbo hili ina ofisi ya ugani inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Purdue, yaani bwana shamba wetu kabisa, na wapo watu wa kujitolea waliofundishwa bustani wanaojibu maswali ya wananchi. Nilikwenda na picha kwenye simu. Mama aliyenipokea alitazama picha, hakuuliza habari ya mbolea wala dawa. Akauliza, nimefukia kina gani? Nikasema vidole viwili. Akasema safi, hebu onyesha. Nikaweka kidole cha shahada mezani, cha pili mbele yake, ncha kwa ncha, kwa urefu.

Akafungua droo akatoa rula. Sentimita 15. Macho ya mpeoni hufukiwa sentimita 3 hadi 5, si zaidi. Yakizidi hapo mmea utaishi, utatoa majani miaka nenda miaka rudi, na hautakupa ua. Na juu ya kina hicho mimi nilikuwa nimeongeza godoro la majani.

Alinieleza na sababu ya pili, na hiyo ndiyo iliyonikaa. Mpeoni hauvumilii baridi tu, unaitaka. Jicho lake hulala na haliamki kuwa ua mpaka lihesabu mamia ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 5 hivi. Ndiyo maana haliwezekani ukanda wa pwani ya kwetu, hata ulitunze vipi. Kulifukia kina kirefu ni kuliondolea baridi hiyo. Mimi niliyetoka nchi ya joto niliona baridi, nikakimbilia blanketi. Baba nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema hajawahi kusikia mmea unaokataa kufunikwa. Akauliza kama nina hakika. Mkarafuu ungeshakufa usiku wa kwanza.

Nilirudi nikamweleza Bi Mkubwa. "Nilikwambia vidole viwili." "Nami nimepanda vidole viwili." Tukaweka mikono mezani, wake na wangu. Wake umelazwa upande, vidole viwili vimebanana, upana wake. Wangu umenyooshwa kama reli. Alitazama, akatazama tena, akasema neno lake lile la Kiswahili, na kwa mara ya kwanza alilitumia mahali pake: "Makubwa!" Tulicheka mpaka binti yake akaja kuuliza kuna nini.

Mwisho wa Septemba 2023 nilichimba upya vyote sita, nikaweka rula ya plastiki ndani ya shimo, nikafukia kwa sentimita 4, nikashindilia kwa mkono, nikamwagilia, nikapima tena, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hushuka na kuvuta shina chini nalo. Baina ya kipande na kipande niliacha sentimita 90, upepo upite. Sikuweka matandazo. Hilo, nawaambia kweli, lilikuwa gumu kuliko kuchimba. Theluji ya kwanza ilipoanguka nilitoka na koti juu ya nguo za kulalia kwenda kutazama, kana kwamba kuna la kutazama.

Mei 2024 yalitoka matumba matatu, yote kwenye shina moja. Nilimpigia baba kabla ya alfajiri yao. Tumba la kwanza lilikuwa jeusi baada ya wiki, likavishwa vumbi la kijivu. Huo ni ukungu wa botritisi, adui mkubwa wa peoni masika yakiwa ya mvua nyingi. Nao ulikuwa mkono wangu vilevile: vuli nilikata mabua makavu nikayaacha pale pale chini, na ukungu ulilala humo ukasubiri. Mabua hukatwa usawa wa ardhi, hukusanywa, hutupwa mbali, na wala hayatiwi kwenye lundo la mboji. Nililikata tumba lile pamoja na kikonyo, nikaosha mkasi kwa spiriti. La pili halikufanya kitu, lilikaa gololi mpaka likakauka. La tatu lilianza kubonyea.

Bi Mkubwa alitaka kulibinya mwenyewe. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka tutani. Akalibinya. Akasema bado siku moja. Siku ya pili akasema sasa. Siku zile nimewahi kufanya mitihani mikubwa, lakini sijawahi kukata kitu kwa hofu kama ile.

Lilifunguka jikoni, kwenye glasi, Jumapili usiku, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe. Lilikuwa la waridi.

Si jeupe. Halina tone jekundu hata moja. Vibandiko vyangu vilikuwa vimeoshwa na mvua ile ya Oktoba, na nilipanda bila kujua kipi ni kipi. Nilisimama pale na glasi mkononi nikatafuta namna ya kusema. Bi Mkubwa alilivuta, akalinusa. Hilo, akasema, lilikuwa karibu na mlango, nililipanda mimi, nilipoolewa. Akakaa kimya. Kisha akasema mama yake hakulipenda hata siku moja, aliliona lina makeke. Tukalipeleka hivyo hivyo, naye aliliweka juu ya kaburi akacheka peke yake kwa jambo ambalo hakuniambia.

Alifariki Januari 2025, usingizini, ardhi ikiwa imeganda. Safari hii nilikuwepo. Nilishika pembe ya jeneza pamoja na wajukuu zake.

Mei iliyofuata shina la mwisho kabisa katika tuta, ambalo sikulitarajia, lilitoa matumba saba. Nilizungushia duara la waya mapema, maana ua lililojaa petali likinywa mvua huanguka kifudifudi na kikonyo huvunjika. Usiku paa wa mji huu walishuka wakala tulipu zote za jirani hadi mashinani. Peoni hawakuigusa, hawaipendi ladha yake, na hiyo ni sababu tosha ya kuipanda Bloomington. Mimi na binti yake tuliyabinya, tukayachuma yakiwa kama andazi, tukayafunga kwenye gazeti. Yalipofunguka yalikuwa meupe, na matone mekundu katikati. Manne tuliweka kwenye kaburi jipya, matatu kwenye la zamani lililo kando yake. Nilimtumia baba picha. Alijibu kwa maandishi, jambo ambalo hafanyi: *Mwaka huu na kwetu mikarafuu imebeba.*

Sasa nieleze kilichonifanya nimkubalie mhariri. Namaliza masomo Desemba nami narudi nyumbani. Binti yake Bi Mkubwa ameniambia kipande kimoja cha za mama ni changu, nikipeleke nitakako. Pemba hakiendi, mmeshajua kwa nini. Natafuta mwanachama, au mwalimu, mwenye ua wa nyumba na anayetarajia kukaa hapa miaka kadhaa, mahali penye jua saa sita kwa siku na pasipotuama maji, mbali na mizizi ya miti mikubwa. Sitaki pesa. Nitakuja mwenyewe kupanda, wiki ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba. Usiwe umetia mbolea mbichi ya samadi shimoni. Mwaka wa kwanza usitarajie kitu, na Mei ukiona ua moja tu, liache hapo mmea upate nguvu. Na siku hiyo uwe na beleshi. Rula nitakuja nayo mimi.